Farasi Mweusi Hapakwi Nyeusi

Nimeulizwa tena. Safari hii aliyeuliza si mtoto wa shule aliyeletwa kwenye maonyesho na mwalimu wake. Ni mtu mzima mwenye farasi wake mwenyewe, aliyetoa malipo ya awali kwa hiari yake, na anayemwona mnyama huyo karibu kila siku ya Mungu. Nilimtumia picha ya kazi ikiwa nusu. Jibu likaja kabla sijaweka simu chini: "Mchoraji, farasi wangu ni mweusi. Mbona umempaka buluu?" Dakika mbili baadaye akaniongezea ushauri wa bure: "Si ununue tu tyubu ya nyeusi?"

Tyubu ya nyeusi ninayo. Ninayo tangu mwaka juzi na bado haijafika nusu. Nitaeleza kwa nini, mara moja tu, na atakayeniuliza tena nitamtumia ukurasa huu nirudi kwenye brashi zangu.

Manyoya ya farasi aliyetunzwa ni mafupi, yamelala, na yana mafuta yake ya asili. Saisi, yaani mtunza farasi, akishampiga brashi asubuhi, mwili ule unakuwa kama kioo kibovu: haukuonyeshi sura yako, lakini unapokea kila kilicho mbele yake. Mgongo unatazama juu, unapokea anga. Tumbo linatazama chini, linapokea ardhi. Ubavu unapokea ukuta wa banda, miti, hata shati la aliyeshika hatamu. Na farasi mweusi, kwa kuwa hana mwanga mwingi wa kwake wa kurudisha, sehemu kubwa ya unachokiona juu yake ni mali ya jirani.

Nenda Ngong Racecourse, uwanja wa mbio za farasi wa Nairobi, asubuhi ya anga safi, usimame karibu na mabanda. Mgongo wa farasi mweusi pale una rangi ya bati jipya, buluu iliyofifishwa na kijivu. Mpeleke huyohuyo kwenye udongo mwekundu wa Karen, chini ya tumbo panawaka damu ya mzee. Msogeze hatua kumi aingie kwenye nyasi zilizonyeshewa, tumbo linashika kijani kizito. Na hapo sijagusa habari ya jua: farasi mweusi akishinda malishoni wiki nyingi, manyoya hupauka, na ubavuni na kwenye ncha za singa anakuwa kahawia kama kofia ya zamani. Mwenyewe bado anamwita mweusi. Sawa, jina ni lake. Mimi nachora kilichosimama mbele yangu.

Lawama nyingi naziweka kwenye simu. Kamera ya simu ikielekezwa kwa farasi mweusi chini ya anga jeupe la mchana inakwama. Haiwezi kushika anga na vivuli kwa pamoja, basi inachagua kimoja, na mara nyingi vivuli ndivyo vinavyodidimia hadi kuwa shimo. Mtu anatazama picha hiyo miezi sita, anaiweka kwenye kioo cha simu, anaituma kwenye kundi la familia. Siku nikimwonyesha farasi wake alivyo, anasema nimekosea. Halafu kuna suala la lenzi. Ukimpiga picha farasi kwa karibu kutoka mbele, kichwa kinakuwa kama cha ng'ombe na makalio yanakuwa ya mbuzi. Nimeletewa picha za namna hiyo nikaambiwa "fuata hivyohivyo." Sifuati.

Basi, bosi wangu wa buluu nilimwalika tukutane bandani. Nilikata jalada la daftari, upande mweupe, nikatoboa tundu la ukubwa wa punje ya mahindi. Nikampa. "Bosi, funga jicho moja. Tazama mgongo kupitia hapa. Usiniambie farasi ni wa rangi gani, niambie ndani ya tundu kuna rangi gani."

Akanyoosha mkono, akafumba jicho, akakaa kimya kidogo.

"Kijivu," akasema. Kisha, "Hapana. Ni kama... ya samawati."

"Shuka tumboni."

"Hii ni kahawia. Hii ni nyekundu kabisa!"

Nikadhani nimeshinda. Akanirudishia kadi yangu na kusema, "Lakini huo ni mwanga, mchoraji. Huo si farasi."

Nitarudi kwenye sentensi hiyo, maana tangu siku ile imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwanza mng'ao, kitu kinachonikera kuliko hata hiyo tyubu. Wanaoanza wakisikia neno mng'ao wanafikiri ni doa jeupe. Wanammaliza farasi vizuri, halafu wanamdondoshea vidoa vyeupe begani na kwenye paja mpaka anaonekana amemwagikiwa maziwa. Nywele hazing'ai kama sufuria. Mtazame msichana aliyelaza nywele zake kwa kitana na mafuta: mng'ao unakuja kama utepe, na utepe ule unazikata nywele, haufuati zinakoelekea. Manyoya ya farasi ni hivyohivyo, ila yana tabu moja zaidi, kwamba hayalali upande mmoja. Shingoni yanateremka, begani yanageukia nyuma, na pale ubavu unapoishia, mbele kidogo ya paja, yanazunguka kama maji yaliyokutana na jiwe. Utepe wa mwanga ukifika hapo unakatika, unahama, unatokea upande wa pili ukiwa na rangi nyingine. Eneo hilo kwenye kanvasi yangu halizidi kiganja cha mkono. Nimewahi kulifanyia kazi siku tatu mfululizo, siku ya nne nikalifuta lote kwa kitambaa.

Tena mng'ao ni vitu viwili. Wa jua lenyewe ni mdogo, mkali, una ujoto ndani yake, weupe wenye chembe ya njano. Wa anga ni mpana, umetulia, na ndio wenye buluu. Ukivichanganya viwili hivi, ukapaka nyeupe kavu katikati ya buluu kila mahali, unapata farasi wa plastiki. Nimewaona wengi, baadhi wana sahihi yangu.

Sasa rangi zenyewe. Weusi wangu naupika kwa altramarini, ile buluu nzito, na amba iliyochomwa, kahawia ya udongo. Upande wa ardhi naelemeza kwenye amba, upande wa anga naelemeza kwenye altramarini na kutia nyeupe ya titani ya ncha ya kisu. Kwa farasi wa damu ya mzee mwenye miguu myeusi naongeza siena iliyochomwa, kahawia yenye wekundu. Mjuzi atanikatiza hapa aseme kwamba hata nyeusi ya tyubu, ile ya mifupa iliyochomwa, ukiitia nyeupe hutoa kijivu chenye buluu. Kweli hutoa. Lakini hutoa buluu ileile mgongoni, tumboni na kwenye kwato, na farasi anakuwa kama mtu anayejibu kila swali kwa neno moja.

Kuna na sababu isiyohusu macho. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Mafuta ya kitani hushika oksijeni ya hewani na kugeuka utando mgumu, na kila rangi ina mwendo wake. Amba ina manganizi ndani, hukauka haraka. Nyeusi ya mifupa hunywa mafuta mengi na hukauka pole pole. Ukiitandaza chini kwa unene, ukapaka juu yake rangi inayokauka upesi, ya juu inakazana huku ya chini bado inatembea, na baada ya muda unaanza kuona nyufa. Kwa hiyo tabaka la kwanza kwangu ni amba iliyozimuliwa kwa tapentaini, nyembamba kama chai ya rangi. Mafuta yanaongezeka kadiri ninavyopanda. Vivuli navibakiza vyembamba, mwanga naupa unene. Vanishi nangoja miezi, sita hadi kumi na miwili, hata mwenye picha akinuna. Na vitambaa vya mafuta ya kitani msivikunje mkavirundika kwenye kona, hupata joto vyenyewe na kuwaka. Hilo si la kubishana.

Miguu nitaipitia mbio. Kinachoitwa goti la mguu wa mbele ni kifundo cha mkono wako. Kile kiungo cha nyuma kinachochongoka ni kisigino. Farasi anatembea juu ya ncha ya kidole kimoja kila mguu. Hana mfupa wa mtulinga, bega lake limeshikwa na misuli tu, kwa hiyo akitembea bega linateleza, na ukilichora kama bawaba ya mlango umemvunja. Akiwa mbioni na miguu yote minne ipo hewani, imekunjwa chini ya tumbo. Mchoraji Mfaransa Théodore Géricault, kwenye mashindano ya farasi ya Epsom, Uingereza, aliyoyachora mwaka 1821, aliinyoosha mbele na nyuma kama paka anayeruka, na wachoraji wengi wa zamani walifanya vivyo hivyo, hadi mpiga picha Eadweard Muybridge alipopanga kamera zake kando ya njia huko California mwaka 1878 na kumaliza ubishi. Ajabu ni kwamba farasi wa Géricault bado wanakimbia, na wangu wenye miguu sahihi wakati mwingine wamesimama tu hewani. Sijui nifanye nini na ukweli huo.

Turudi kwenye mwiba. "Huo ni mwanga, si farasi."

Jibu la haraka ninalo, ndilo ninalowapa wanafunzi: hakuna aliyewahi kumwona farasi bila mwanga. Alfred Munnings, mchoraji Mwingereza aliyepoteza uwezo wa kuona wa jicho la kulia mwaka 1898, alijaza anga kwenye migongo ya farasi wake, na kwa jicho moja aliona zaidi ya wengi wetu wenye mawili. Lakini kuna George Stubbs, mchoraji Mwingereza aliyemtangulia. Huyu alijifungia kwenye nyumba ya shamba kijijini Horkstow, Lincolnshire, karibu miezi 18, akipasua mizoga ya farasi, tabaka kwa tabaka, mpaka mifupa. Kisha, mnamo 1762, akamchora farasi aitwaye Whistlejacket, karibu ukubwa wa farasi halisi, kwenye kanvasi yenye urefu wa karibu mita tatu, ambaye leo yupo National Gallery, London. Hakuna anga pale. Hakuna nyasi. Kuna farasi wa rangi ya shaba kwenye uwanda mtupu, na vivuli vidogo kwenye kwato za nyuma. Jirani hayupo, kwa hiyo hakuna mali ya jirani. Rangi ni ya farasi mwenyewe. Na hakuna mwenye akili atakayesema Stubbs hakumjua farasi.

Kwa hiyo bosi, bila kujua, alisimama upande wa Stubbs. Mimi huwa nalala upande wa Munnings, na zipo siku najiuliza kama ile buluu naiona au nimeizoea. Mkono ukishajifunza kitu unakifanya hata jicho likiwa limesinzia. Nina picha moja ya siku ya mawingu mazito, anga lote jivu la jikoni, na bado mgongo wa farasi nimeupaka buluu ya Januari. Niliigundua baada ya kuiuza.

Mtu aliyenisahihisha kweli kwenye kazi hii hakusema lolote kuhusu rangi. Ni saisi, mzee aliyelea farasi tangu ujana wake. Alisimama mbele ya kanvasi mikono nyuma, akaitazama kama anavyomtazama mnyama anayechechemea. "Kijana wangu, umempumzisha mguu usio wake."

"Vipi, mzee?"

"Huyu akisimama kuota jua hulegeza wa nyuma wa kushoto. Kila siku. Wewe umelegeza wa kulia. Ukimwona hivi ujue anaumwa."

Nikaangalia michoro yangu ya penseli. Kwenye yote mguu uliolegea ni wa kushoto. Nilipohamia kwenye kanvasi niligeuza kwa sababu upangaji ulipendeza zaidi hivyo. Kuubadilisha mguu ni kubadilisha nyonga, nyonga ikishuka mgongo unainama, na mgongo ukiinama utepe wote wa anga unahama. Wiki mbili za kazi zikaenda na kitambaa. Rangi ya chini ilikuwa bado laini, nikakwangua kwa kisu mpaka nikauona mchoro.

Nimempaka upya. Mguu wa kushoto umelegea, ncha ya kwato imegusa udongo. Mgongo bado ni wa buluu, ingawa nimeupunguza kidogo, na siwezi kuapa kama ni kwa sababu ya jicho au ya bosi. Atakuja Jumamosi. Nyeusi ya tyubu nimeitumia mahali pawili: ndani ya tundu la pua, na katikati ya mboni, ambayo kwa farasi hulala ubavu.