Kwa nini Mtume aliwauliza masahaba kuhusu mti usiopukutisha majani?

Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa ameketi na masahaba, ukaletwa moyo wa mtende, ule mweupe wa kileleni unaoliwa. Akawauliza: upo mti usiopukutisha majani, na mfano wake ni Muislamu, niambieni ni upi? Mawazo yao yakaenda kwenye miti ya jangwani. Abdullah bin Umar, mdogo kuliko wote pale, alihisi ni mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Mwishowe Mtume mwenyewe akawaambia: ni mtende. Imam Bukhari ameiweka hadithi hii katika Kitabu cha Elimu, kwenye mlango wa kiongozi kuwauliza wenzake ili apime walichonacho.

Angeweza kuwaambia tu. Lakini swali liliwalazimu kuunganisha vitu viwili vilivyo mbali, mti na mtu, huku dokezo, ule moyo wa mtende, likiwa mbele yao. Kuunganisha huko ndiko kufikiri kwa ubunifu, na mtoto wa darasa la tatu anakuweza kabisa.

Ustadhi anayesema "mtende ni mfano wa Muislamu, andikeni" amekwisha kulipoteza somo. Asitoe jibu kwanza. Mtoto wa Pemba huenda akataja mnazi: tunda, kivuli, makumbi, kila kitu chake kina kazi. Asimkatishe. Amuulize: na majani yake je? Hapo darasa zima litakumbuka kuti kavu la mnazi linavyoanguka lenyewe. Mtende hauko hivyo. Kuti lake likikauka hubaki limening'inia mpaka mtu alikate. Sasa watoto wameona wenyewe kwa nini ulitajwa mtende, na waulizwe: Muislamu anafanana nao kwa lipi? Hapa majibu ni mengi, na ya watoto wadogo mara nyingi ndiyo yenye kushangaza.

Wapo wazazi wanaohofia watoto watabuni dini. Wasihofu: rakaa za Alasiri ni 4 na zitabaki 4. Hata katika swali lile jibu lilikuwa moja; kilichoachwa wazi ni njia ya kulifikia.

Baadaye Abdullah alimweleza baba yake lililokuwa moyoni mwake. Umar akamwambia kwamba laiti angelisema, ingempendeza kuliko kupata kadha na kadha. Kwa hiyo darasani, aliye mdogo apewe nafasi ya kwanza kusema.