Paa la nyasi likivuja, kosa si la nyasi
Wengi huamini paa la nyasi lazima livuje, hivyo nyumba za msonge, kama zile za Kisukuma zilizopo Makumbusho ya Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, haziwezi kuhimili mvua za Ziwa Victoria. Si kweli. Kinachovujisha ni mteremko mdogo. Paa likiinama nyuzi 45 au zaidi, na nyasi zikiwa na unene wa sentimita 20 hivi, tone huteleza ncha hadi ncha na kulowesha tabaka la juu tu. Ukitandika nailoni chini yake, kosa la siku hizi, unyevu hunaswa na nyasi huoza. Adui halisi yuko chini: maji yanayoruka kutoka ardhini hula mguu wa ukuta wa udongo. Refusha upenu ufike sentimita 60, na uweke msingi wa mawe, ambayo Mwanza hayatafutwi.