Je, wajua kwa nini laini ya Dar inafungua WhatsApp Guangzhou, na laini ya China inagoma?

Wafanyabiashara wawili wa Kariakoo wamekaa meza moja katika mgahawa wa Xiaobei, mtaa wa Guangzhou unaojulikana kwa wageni wengi kutoka Afrika. Simu zao zimeshika mnara mmoja, na juu ya kioo zote zinaonyesha jina lilelile la kampuni ya China. Wa kwanza anatuma picha za sampuli za mikoba kwa mwenzake dukani, na tiki mbili zinatokea papo hapo. Wa pili anatuma picha zilezile, lakini pembeni ya ujumbe inabaki ile alama ndogo ya saa: dakika tano, kumi, nusu saa. Wa kwanza anatumia laini yake ya Tanzania kwa romingi, yaani laini ya nyumbani inayoshika mtandao wa ugenini. Wa pili amenunua laini ya China asubuhi hiyo, ina bando la GB 20, na bando lote bado lipo.

Mezani watasema simu ya pili ina kasoro, au bando halijawashwa, au mwenzake ana VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako nchi nyingine. Yote matatu si kweli. Nyuma yake kuna dhana moja ambayo karibu kila msafiri huondoka nayo nyumbani: kwamba ukishashika mnara wa nchi fulani, intaneti unayotumia ni ya nchi hiyo. Dhana hii ndiyo inayowafanya watu wachague laini ya safari kwa kuangalia bei ya GB peke yake, kisha wanajikuta wana GB za bei nafuu zisizofungua kile walichokifuata.

Jina lililo juu ya kioo linakuambia nani anaipokea data yako kutoka hewani. Halikuambii data hiyo inatokea mlango gani kuingia kwenye intaneti. Ni mambo mawili tofauti, na kwa msafiri hilo la pili ndilo lenye uzito.

Kila laini ina namba ya ndani iitwayo IMSI, kwa kawaida ya tarakimu 15, ambayo si ile namba unayowapa watu. Tarakimu tatu za mwanzo hutaja nchi: 640 ni Tanzania, 639 Kenya, 641 Uganda, 630 Kongo ya Kinshasa, 460 China, 454 Hong Kong. Simu inapowashwa Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, mtandao wa China unaisoma 640 na kujua huyu ni mgeni. Unauliza Dar es Salaam: mnamtambua, na mtamlipia? Dar ikikubali, simu inaruhusiwa. Hapo ndipo data inapoanza safari ambayo wengi hawaijui.

Chukua kontena linaloshushwa bandari ya Dar es Salaam likielekea Lubumbashi. Linapandishwa kwenye lori, linapita Morogoro, Mbeya na Tunduma, linavuka Zambia hadi Kasumbalesa. Barabara ya nusu ya kwanza ni ya Tanzania, mizani ni ya Tanzania, na askari wanaosimamisha lori ni wa Tanzania. Lakini kontena lina lakiri ya forodha na makaratasi yake yameandikwa transiti, kwa hiyo bidhaa zilizomo hazitozwi ushuru wa kuingia Tanzania. Zitafunguliwa, zitakaguliwa na kulipiwa Kongo. Kontena hilohilo lingekuwa na mpokeaji wa Kariakoo, lingefuata utaratibu wa forodha palepale Dar.

Data ya romingi ni kontena la transiti. Ukituma picha, mtandao wa China hauipeleki kwenye intaneti yake. Unaifunga ndani ya pakiti nyingine, ambayo juu yake pameandikwa anwani ya lango la kampuni yako ya nyumbani, kisha unaisafirisha kwa njia maalumu zinazounganisha kampuni za simu za dunia. Mafundi huiita njia hiyo handaki. Pakiti ya nje inafunguliwa Dar es Salaam. Ni huko ndiko simu yako inakopewa anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye intaneti, na ni kutoka huko ndiko picha inakokwenda WhatsApp. Jibu nalo hurudi hivyohivyo: WhatsApp hadi Dar, Dar hadi Guangzhou.

China ilizuia Facebook mwaka 2009, na WhatsApp ikafungwa mwaka 2017. Google, Gmail, YouTube na Instagram nazo hazifunguki. Ukaguzi unaofanya kazi hiyo umewekwa pale intaneti ya China inapokutana na ya dunia. Laini inayoanza na 460 hupita pale, na ile ya 640 imepita ndani ya kontena lenye lakiri. Ndiyo maana simu mbili kwenye mnara mmoja zinaona dunia mbili.

Mfano wa kontena una mipaka. Lakiri haimfichi mwenye mzigo: mtandao wa China unajua simu yako iko karibu na mnara gani na imebeba MB ngapi, maana bila hesabu hiyo usingeweza kuidai kampuni yako. Tena tovuti iliyofungwa nyumbani itabaki imefungwa hata ukiwa Guangzhou, kwa kuwa unatokea mlango wa nyumbani. Na si kila romingi hurudi nyumbani. Kampuni mbili zikikubaliana, data inaweza kutolewa hapohapo ugenini, au kwenye lango la nchi ya tatu. Njia ya kurudi nyumbani ndiyo iliyozoeleka zaidi, lakini usiichukue kama ahadi. Ukifika, fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya IP na uangalie nchi iliyotajwa.

Safari hiyo ina gharama ya muda pia. Kutoka Guangzhou hadi Dar ni karibu kilomita 8,700 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyaya za faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni sekunde 0.09 hata kama waya ungenyooka, na nyaya za baharini hazinyooki. Kwa ujumbe wa WhatsApp hutahisi kitu. Kwa ramani ya Kichina kama Amap utahisi, kwa sababu ombi lako linatoka Guangzhou kwenda Dar, linarudi China kuulizia barabara iliyo mbele ya macho yako, kisha jibu linapita njia hiyohiyo yote.

Bei, kwa upande wake, haitokani sana na umbali. Inatokana na kile ambacho kampuni yako imekubali kuilipa kampuni mwenyeji. Kampuni ya simu ya Celtel iliondoa gharama za romingi kati ya mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2006. Umoja wa Ulaya ulifuta nyongeza ya romingi tarehe 15 Juni 2017, ila unafuu huo ni wa laini za huko. Laini ya Nairobi ikifika Berlin haiupati, wakati laini iliyonunuliwa Paris itatumika Berlin kwa bei yake ya kawaida, ndani ya kiwango cha matumizi cha kampuni. Uingereza na Uswisi hazimo kwenye utaratibu huo.

Pasipo makubaliano ya aina hiyo, romingi bila bando hukokotolewa kwa MB, na hapo ndipo salio huyeyuka. Tuseme bei ni shilingi 500 kwa MB. Picha moja ya kamera ina MB 3 hadi 5. Simu iliyowekwa ihifadhi picha mtandaoni yenyewe ikipandisha picha 40 usiku, imebeba kama MB 160: shilingi 80,000 ukiwa umelala. Kupokea simu nako kwa kawaida hulipiwa, kwa kuwa anayekupigia analipia hadi Dar tu, na kipande cha Dar hadi Guangzhou ni chako. Kupokea ujumbe mfupi ni bure kwa kampuni nyingi, na hilo ni muhimu sana, kwa sababu namba za uthibitisho za benki huja kwa ujumbe mfupi.

Basi, kwa mtu anayekwenda siku kumi kwenye Maonyesho ya Canton, yanayofanyika Guangzhou kila majira ya kuchipua na ya vuli, mpangilio wa gharama nafuu ni huu: laini ya nyumbani ibaki imewashwa kwa ajili ya ujumbe mfupi tu, na data itoke kwenye eSIM ya wasafiri, yaani laini isiyo ya plastiki inayosakinishwa ndani ya simu, iliyonunuliwa kabla ya safari. eSIM hizi nazo ni laini za romingi. Nyingi zinazouzwa kwa ajili ya China hutokea Hong Kong au Singapore, ambako WhatsApp haijafungwa. Lango likiwa Hong Kong, umbali ni kama kilomita 130 tu, kwa hiyo hata Amap inakwenda vizuri. Soma maelezo ya bando utafute nchi ya IP. Ikiwa imeandikwa China, au hakuna kilichoandikwa, tafuta nyingine. Angalia pia kama Hong Kong na Macau zimo, maana bando la China bara peke yake hufa ukivuka mpaka wa Shenzhen.

Anayekaa mwezi mzima na kuzungukia viwanda atahitaji laini ya China pia. Namba ya +86 ndiyo madereva na mawakala wa mizigo wanayoipigia, na Wi-Fi za stesheni mara nyingi hutuma namba ya kuingilia kwenye namba ya huko. Nenda duka la kampuni yenyewe na pasipoti, kwa kuwa usajili ni wa jina halisi na sura hupigwa picha. Chukua bando dogo. Hiyo ni laini ya kupigia, si ya WhatsApp.

Kabla ya kulipia eSIM, bonyeza *#06#. Ikitokea namba iitwayo EID, yenye tarakimu 32, simu inaipokea. Isipotokea, kwa kawaida haina eSIM. Simu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la China bara hazina eSIM, na zimejaa madukani kwetu. Kinyume chake, iPhone za soko la Marekani kuanzia toleo la 14 hazina kabisa tundu la laini ya plastiki, kwa hiyo laini utakayouziwa dukani Guangzhou haitakuwa na pa kuingia.

Sakinisha eSIM ungali nyumbani, ukiwa na Wi-Fi ya uhakika. Msimbo wa QR uuonyeshe kwenye simu nyingine au uuchapishe, maana kamera ya simu haiwezi kusoma kioo chake yenyewe. Usiifute eSIM kwa majaribio, kwani msimbo kwa kawaida hutumika mara moja. Soma bando linaanza kuhesabiwa lini: siku ya kusakinisha, au siku ya kushika mtandao wa huko. Sakinisha pia Alipay na WeChat na uziunganishe na kadi yako wakati namba ya nyumbani iko karibu, kwa sababu malipo mengi China yanapita humo.

Ukitua, weka data ya simu kwenye eSIM na uwashe data romingi ya eSIM hiyo. Wengi huizima kwa hofu ya gharama, kisha wanasema eSIM ni mbovu. Ni laini ya romingi, bila kitufe hicho haifungui chochote. Kwenye laini ya nyumbani fanya kinyume: romingi ya data zima, na zima ruhusa ya simu kuhamisha data kutoka laini moja kwenda nyingine, la sivyo eSIM ikififia kwenye lifti laini ya Dar itaanza kubeba. Bonyeza ##002# kabla ya kuondoka ili kufuta uelekezaji wa simu, usije ukalipia simu zinazokufuata China kisha zinarudishwa. Mtandao ukionekana umejaa lakini hakuna kinachofunguka, kagua APN, yaani jina la lango la data lililo kwenye mipangilio ya simu. Andika ile iliyotolewa na muuzaji, herufi kwa herufi, kisha zima simu na uwashe.

Tatizo linalojirudia zaidi hutokea hotelini. Simu imefanya kazi mchana kutwa, usiku WhatsApp inakufa. Imejiunga yenyewe na Wi-Fi ya hoteli, na Wi-Fi hiyo ni intaneti ya China. Izime, tiki zitarudi.

Dubai mambo ni tofauti kidogo. Ujumbe wa WhatsApp unapita kwa laini yoyote, ila simu za WhatsApp hazipiti kwenye laini za huko, na mara nyingi zinapita kwenye laini ya romingi, kwa sababu ileile ya lango.

Turudi Xiaobei, kwa yule wa pili mwenye alama ya saa. Akiomba hotspoti ya mwenzake, picha zake zitaondoka hapohapo, kwa kuwa sasa naye anatokea mlango wa Dar. Picha kumi na mbili zilizobanwa na WhatsApp kwa ubora wa kawaida hazifiki MB 5. Lakini simu yake itaiona hotspoti kama Wi-Fi ya kawaida na inaweza kuanza kuhifadhi picha zote na kusasisha programu kwa salio la mwenzake. Kabla hajaunganisha, aiweke hotspoti hiyo kuwa mtandao wenye kipimo (metered), ili simu ibane matumizi ya data, au kwenye iPhone awashe hali ya data kidogo, na akimaliza kutuma akate.