Nyambizi ya mezani: maneno ya barazani na ukweli wake

Tangu nianze kuunda nyambizi ya mezani hapa Ngamiani, Tanga, kila anayepita barazani ana lake la kusema, na mengi hata mi mwenyewe niliyaamini nilipoanza kwa hiyo siwacheki sana. Chombo chenyewe ni U-boti ya Wajerumani ya Vita Kuu ya Pili, taipu VIIC, walizitengeneza 568, na urefu wake halisi ni mita 67. Skeli yangu ni 1:72, maana yake sentimita moja ya mezani ni sentimita 72 za kweli, ukigawanya inakuja kama sentimita 93. Meza imeisha yote na mama watoto keshatoa onyo la kwanza.

"Mbona umeiweka juu ya maji, si ndo inakaa chini?"

Hili naulizwa kuliko yote. Hizi za nyuklia za siku hizi sawa, zinakaa chini hata miezi. Zile za zamani zilikuwa meli zinazojua kujificha, basi. Juu ya maji ilikimbia kwa dizeli, noti 17 na ushee (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Sasa dizeli inataka hewa, ukizama unaizima unatumia mota za umeme na betri, hapo hata ukikaza hupati noti 8, na ukitaka betri idumu unatambaa noti 4 unapata maili 80 za baharini, kama kilomita 148. Hebu ipigie hesabu ya huku kwetu: unazama Tanga, unakwenda masaa 20 kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka kidogo, unakaribia Bagamoyo betri imekata, inabidi uibuke uwashe dizeli uchaji. Kwa hiyo muda mwingi walikuwa juu, upepo unawapiga, mawimbi yanapanda sitaha, na watu wako mnarani wanaangalia. Diorama, yaani mandhari ndogo ya mezani, ya juu ya maji ndo yenyewe hasa.

"Vijitu ni mapambo tu, weka vyovyote"

Hapa ndo niliumia. Nilinunua askari wa plastiki wa watoto, wa sentimita 5, nikawapaka rangi siku nzima nikawapanga mnarani, nikarudi nyuma kutazama... nyambizi imekuwa mashua! Sikugusa chombo hata kidogo, ila jicho linapima kila kitu kwa mtu. Mtu wa sentimita 5 ni skeli ya 1:35, na kwa skeli hiyo nyambizi yangu ilitakiwa iwe na urefu wa mita 1.9, yaani kitanda. Kwenye 1:72 baharia anatakiwa awe na milimita 24 tu, kama kidole gumba kutoka kwenye kiungo hadi ncha, hivyo ndivyo ninavyopima sasa nikikosa rula.

Wengine wanadhani lazima uagize nje. Ukiagiza sawa, lakini waya mwembamba wa shaba kutoka mota iliyoungua unatosha mifupa, nyama ni epoksi ile ya kukanda, unalowesha vidole isikung'ang'anie, unachonga kwa sindano na kijiti cha meno. Koti ni tishu iliyolowa gundi nyeupe ya mafundi seremala. Uso usihangaike nao, milimita 3 hizo, weka kivuli cha macho na ndevu basi. Na ndevu weka kwa wengi, maana huko majini maji matamu yalikuwa ya kunywa na kupikia, nani angenyoa.

Hapo nakuja kwenye kosa la pili la vijitu, kuwapanga mstari, sare zimenyooka, wote wamepiga saluti wanatazama omo, yaani mbele ya chombo. Hiyo ni picha ya siku ya kurudi bandarini. Baharini watu walivaa chochote kinachozuia baridi na maji, sweta, makoti ya mpira, ya ngozi, na nahodha unamjua kwa kofia nyeupe. Kwenye zamu alikuwepo ofisa na walinzi, masaa manne kila zamu, na kila mlinzi alikuwa na robo yake ya upeo. Kwa hiyo mmoja anatazama omo kulia, mwingine omo kushoto, na wawili wanautazama upande wa tezi, yaani nyuma. Ukiwaweka wote wanatazama upande mmoja basi umeshawaua, ndege inakuja nyuma yao hawana habari. Darubini nimeunda kwa maganda ya waya, milimita 2 na nusu kila kipande.

"Nyambizi ni nyeusi" Hizi zilikuwa kijivu, chini kijivu cha kukoza. Kutu nayo usipake kama unapaka nyumba chokaa. Nenda pale bandarini kaitazame meli iliyochoka, kutu inaanzia kwenye tundu la maji au kwenye nanga halafu inashuka kwa michirizi.

"Madirisha je?" Hakuna. Za utafiti ndo zina dirisha, mwaka 1987 mtafiti Hans Fricke alimpiga picha silikanti, yule samaki wa kale, akiwa hai huko Komoro kwa kinyambizi kidogo cha namna hiyo, silikanti huyuhuyu wavuvi wetu wa Tanga wanayemnasa. Mtoto wa jirani kaniomba nimuweke mmoja chini ya U-boti, nimekataa, bado ananuna.

Maji: sio bluu ya kopo. Nimechonga stairofomu ya friji, nikatandika tishu na gundi nyeupe, nikapaka kijani cheusi, povu ni sufi ya mto. Ukitumia rezini, ile plastiki ya maji inayoganda, mimina kidogo kidogo, ukimimina nene inajichemsha yenyewe na joto letu hili inapasuka. Supagluu usiifungie na kijitu kwenye boksi, mvuke wake unaacha ukungu mweupe juu ya rangi.

"Hayo mambo ya Wazungu, hayatuhusu"

Hili lilisemwa na mzee mmoja akinywa kahawa, nikamjibu taratibu. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilitoka Kilindini, Mombasa, ikienda Colombo, humo ndani walikuwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, vijana wa huku. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga torpedo, ikazama ndani ya dakika chache, watu 1,297 wakafa. I-27 nayo ikazamishwa siku hiyohiyo na manowari za Waingereza. Mzee akaweka kikombe chini, akauliza majina yao yameandikwa wapi.

Sitahani nilikuwa na vijitu wawili wanapunga mikono kwa furaha. Jioni ile niliwang'oa, nikawakunja mikono washike darubini, mmoja akakatika begani. Epoksi imebaki kidogo kwenye karatasi ya nailoni, kesho asubuhi kabla ya jua kali namuunda mwingine wa upande wa tezi kushoto, huko bado hakuna anayetazama.