Je, wajua? Mtoto asipoenda chuo, akaunti ya 529 hailiwi na serikali

Miongoni mwa wazazi wa Afrika Mashariki wanaoishi Marekani, akaunti ya 529 ya kuwekea akiba ya masomo ina sifa moja mbaya: mtoto akikataa chuo, pesa zimekwenda. Maneno hayo hupita harusini, misibani na kwenye makundi ya WhatsApp, na anayeyasema huwa na uhakika kama aliyekuwepo sheria ikitungwa. Wanaoijua sheria kidogo zaidi hurekebisha kwa kosa jingine: eti serikali hukata asilimia 10 ya akiba yote. Yote mawili si kweli. Faini ya asilimia 10 ipo, ila inagusa faida tu. Mtaji wako hauguswi, hata ukiutoa ukanunulia gari.

Namba 529 ni ya kifungu tu katika sheria ya kodi. Mwaka 1986 jimbo la Michigan lilianzisha mpango wa wazazi kulipia ada ya chuo mapema. Mamlaka ya kodi, IRS, ikataka chake. Kesi ikafika mahakama ya rufaa, na mwaka 1994 jimbo likashinda. Bunge likaandika kifungu hicho mwaka 1996. Tangu 2002, faida inayotolewa kulipia masomo haikatwi kodi ya serikali kuu.

Sasa, kwa nini mtaji uwe salama? Kwa sababu hukupewa nafuu yoyote na serikali kuu siku ulipouweka. Hapa napo wengi huteleza, wakidhani kuweka pesa 529 kunapunguza kodi ya mwaka huo. Majimbo mengi hutoa nafuu yao (California haitoi), lakini serikali kuu haitoi kitu. Unaweka pesa iliyokwisha kukatwa kodi, basi IRS haina la kudai tena juu yake. Inachokisubiri ni kile kilichozaliwa humo ndani.

Mjanja atauliza: si nitoe mtaji wangu kwanza, faida niiache ikae? Fikiria sufuria ya chai ya maziwa. Maji ni mtaji, maziwa ni faida. Ikishachemka, huchoti kikombe cha maji matupu. Kila kikombe, kiwe kidogo kiwe kikubwa, kinatoka na maji na maziwa kwa kipimo kile kile cha sufuria nzima. IRS inatoza maziwa tu, lakini haikuruhusu kuyaacha sufuriani.

Kwa hesabu: mama ameweka dola 20,000 kidogo kidogo, zimekua hadi 30,000. Theluthi moja ya sufuria ni maziwa. Kijana kagoma kusoma, na mama anatoa 6,000 atengeneze paa. Humo mna 4,000 za mtaji na 2,000 za faida. Faini ni dola 200. Zile 2,000 zinaingia pia kwenye mapato yake ya mwaka. Akiwa kwenye daraja la kodi la asilimia 22, ni 440 nyingine. Jumla 640 kati ya 6,000. Inauma, ila si maafa yale ya harusini.

Tena hiyo 440 si adhabu ya 529 peke yake, maana hata akaunti ya kawaida ya uwekezaji faida yake hukatwa kodi. Nisitie chumvi, lakini: hisa zilizokaa zaidi ya mwaka mmoja kwenye akaunti ya kawaida mara nyingi hutozwa asilimia ndogo kuliko mshahara, kwa hiyo mlinganisho hauko sawasawa. Jimbo lililokupa nafuu linaweza pia kuidai irudi, na California, ambayo haikukupa chochote, inaongeza faini yake ya asilimia 2.5 juu ya faida. Ndivyo ilivyo.

Huhitaji kupiga hesabu hiyo mwenyewe. Baada ya mwaka uliotoa pesa, hufika fomu iitwayo 1099-Q. Kisanduku cha 1 ni jumla uliyotoa, cha 2 ni faida, cha 3 ni mtaji. Ukiiona kwa mara ya kwanza utashtuka na namba ya kisanduku cha 1. Kama pesa hazikwenda masomoni, macho yaende cha 2.

Kabla ya kufikia faini, kuna milango kadhaa. Mtoto akipata ufadhili, unaweza kutoa kiasi kinacholingana nao bila faini, ingawa kodi ya faida inabaki. Unaweza kumbadilisha mnufaika: ndugu yake, wewe mwenyewe, mke au mume wako, hata mtoto wa shangazi yake au wa mjomba wake, maana sheria hii inamtambua binamu kama familia. Tangu 2024, mnufaika mwenye kipato cha kazi anaweza kuhamishiwa hadi dola 35,000 kwenye akaunti yake ya uzeeni ya Roth IRA, mradi 529 imetimiza miaka 15, na kwa kufuata kikomo cha kila mwaka, ambacho 2025 kilikuwa dola 7,000. Je, ukibadilisha mnufaika miaka 15 inaanza upya? Kifungu hakisemi wazi, kwa hiyo muulize mhasibu kwanza.

Na "chuo" chenyewe kimepanuka. Sheria ya Julai 2025 imeingiza mafunzo ya vyeti vya kazi vinavyotambuliwa, hivyo kijana anayetaka kuendesha malori huenda akalipiwa shule ya udereva, ikiwa ipo kwenye orodha rasmi.

Wanaofikiria kumrudisha mtoto akasome nyumbani Afrika Mashariki waangalie orodha nyingine. Chuo cha nje kinakubalika kikiwa kimeidhinishwa kupokea misaada ya wanafunzi ya serikali ya Marekani. Oxford na Toronto vimo. Kitafute chuo chako kwa jina kwenye tovuti ya FAFSA, fomu ya kuombea misaada hiyo, kabla ya kutoa hata dola moja. Kikiwemo, ada na vitabu vinalipika, na chumba na chakula pia kama anasoma angalau nusu ya mzigo wa kawaida wa masomo. Nauli ya ndege haimo.