Viti vitupu bungeni havibatilishi sheria

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp miaka nenda miaka rudi: picha ya ukumbi wa bunge wenye viti vitupu, na madai kwamba sheria iliyopitishwa siku hiyo ni batili. Si kweli. Kinachotakiwa ni akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa kuwapo, nayo mara nyingi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. India ni moja ya kumi ya wabunge. Uingereza, katika Bunge la Makabwela, ni 40 kati ya 650, tena wakati wa kura tu. Katika mabunge mengi, mbunge akiona idadi haitoshi humweleza Spika, kengele hulia, na isipotimia kikao huahirishwa. Pasipo na anayelalamika, shughuli huendelea.

Picha haionyeshi saa, wala wabunge walioko kwenye kamati wakichambua muswada kifungu kwa kifungu.

Mijadala kudorora ni tatizo la kweli na linauma, ila halipimwi kwa viti. Fungua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi ya mijadala ya bunge, ya siku hiyo: nani alichangia, marekebisho gani yalipendekezwa, kura ilihesabiwa au ilikuwa ya sauti? Ujumbe usiotaja tarehe wala muswada haukaguliki, kwa hiyo tafadhali usiusambaze.