Viatu kando ya kitanda: tunayoambiana kuhusu kupona wasiwasi

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, nililala na viatu miguuni. Ardhi iliendelea kutikisika siku kadhaa, na tarehe 27 tukaambiwa tuhame. Sisi tukashika njia ya Sake, mji mdogo ulio magharibi. Tuliporudi Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, viatu nilivivua, ila vilikaa kando ya kitanda miezi mingi, kamba zimelegezwa tayari. Kila lori lililopita barabarani lilinikalisha kitako gizani. Ushauri nilipewa mwingi, na mwingi ulikuwa na kasoro.

"Ukipona hutaogopa tena." Katika mji huu? Anayeruka ardhi ikitikisika ana akili timamu. Ugonjwa ni hofu inayokuja bila sababu ya maana, ikang'ang'ania, ikakunyima usingizi na kazi. Kwa hiyo usijiulize kama umeogopa leo. Jiulize hofu imekaa muda gani na imekuzuia kufanya nini. Mimi nilichukua kaye (daftari) ya mtoto nikawa naandika. Mwanzoni: "Lori, saa nane usiku. Sikulala tena." Miezi baadaye: "Lori. Nikageukia ukuta." Bila kaye ile ningeapa kwamba hakuna kilichobadilika, kwa sababu kichwa chenye wasiwasi hutunza siku mbaya na kutupa nzuri.

"Epuka kinachokutisha, utatulia." Utatulia leo, kesho hofu itakuwa imenenepa. Ukikimbia, mwili haupati nafasi ya kujionea kwamba hapakuwa na hatari. Soko la Virunga lilinishinda kabisa: msongamano, honi za pikipiki, chukudu (skuta za mbao za kubebea mizigo) zinakata njia. Yaya, ndugu yangu mkubwa, alinisindikiza, siku ya kwanza tukaishia pembeni tu. Moyo ulidunda, mikono ikalowa jasho, nikasimama palepale. Hofu kali ya ghafla kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha huanza kushuka. Safari ya tatu nilinunua sombe (kisamvu), nikasahau kudai chenji. (Nasema soko, sisemi milio ya risasi. Hiyo ikimbie.)

"Wiki moja mbaya, umerudi ulikoanzia." Maneno haya yaliniumiza kuliko yote, na si kweli. Hofu ya zamani haifutiki. Ulichojifunza hukaa pembeni yake, na uchovu, homa au habari mbaya vinaweza kuiamsha. Mazoezi hayapotei kwa sababu hiyo. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, viatu vilirudi kando ya kitanda, na vilistahili kurudi. Sikukihesabu kipindi kile kuwa kushindwa.

"Dawa isiposaidia siku tatu, iache." Nyingi ya dawa zinazotolewa kwa wasiwasi wa muda mrefu huhitaji wiki kadhaa ndipo zionyeshe kazi yake, na kuziacha ghafla huweza kuleta kizunguzungu na usumbufu mwingine. Zungumza na aliyekuandikia.

"Kifua kikibana ni wasiwasi tu." Pengine. Kama ni mara ya kwanza, kapimwe.

"Mwenyewe utajua umepona." Mimi sikujua. Jioni moja tulikuwa mezani, yaya akaacha kula, akaniangalia.

"Umeona lori limepita?"

"Lori gani?"

Akacheka, akaniongezea ugali.